Nafasi Tupu Ndiyo Inakuokoa

Wasee, kwenye handaki dereva haoni mbali, na treni haisimami papo hapo kama boda. Sasa laini ya Victoria pale London inapitishaje treni 36 kwa saa, upande mmoja? Hiyo ni moja kila sekunde 100!

Reli imekatwa vipande. 1863, London ilipofungua reli ya kwanza ya chini ya ardhi, watu walikuwa wanapigiana telegrafu kuulizana kama kipande kiko wazi. 1872 Mmarekani William Robinson akaleta stima kwenye vyuma vyenyewe: treni ikiingia, magurudumu yanakatiza hiyo stima, taa ya nyuma yake inageuka nyekundu. Baadaye ikaongezwa ki-mkono kando ya reli. Ukipita nyekundu, kinakufungia breki.

Lakini Aprili 8, 1953, karibu na Stratford, taa ziliharibika. Sheria iliruhusu dereva asimame, kisha asonge polepole sana. Mmoja akaenda kasi, akaigonga treni ya mbele. Watu 12 wakafa. Wengi humlaumu dereva. Mimi nalaumu pia sheria iliyoachia macho yake kazi ya taa, ndani ya giza.

Victoria ilifunguliwa 1968 treni zikijiendesha zenyewe. Dereva alifunga milango, akabonyeza vitufe, basi.