Nembo Inayoonekana Mtandaoni Si Uthibitisho wa Usajili wa Kampuni

Arusha – Mgeni anayekusudia kupanda Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, mara nyingi huilipa kampuni ambayo hajawahi kufika ofisini kwake. Anachokiona kwenye simu yake ni jina, rangi na nembo. Hali ni hiyo hiyo kwa mnunuzi wa kahawa inayolimwa kwenye miteremko ya mlima huo. Ni muhimu, basi, wananchi wafahamu nembo hizo hufikaje katika mifumo ya kidijiti na zinathibitisha nini.

Namna huduma hii inavyofanya kazi

Mifumo mingi ya kuhifadhi nafasi, kutoa ankara na kuorodhesha wazabuni huunganishwa na huduma za kukamilisha taarifa. Mtumiaji huingiza anwani ya tovuti ya kampuni, kwa mfano ile inayoishia na co.tz. Mfumo hutuma ombi kwa mtoa huduma, ukiambatanisha ufunguo wa siri unaoutambulisha. Mtoa huduma hupekua kumbukumbu zake, zilizokusanywa kwa sehemu kubwa kutoka katika tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii, kisha hurejesha jina, nembo, rangi na maelezo mafupi ya kampuni. Kazi ambayo karani angeifanya kwa dakika kadhaa hukamilika kwa sekunde chache.

Utaratibu unaofanana na huo unatumika pia serikalini. Katika Mfumo wa Usajili kwa Njia ya Mtandao (ORS) wa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), ulioanza kutumika mwaka 2018, mwombaji huingiza namba ya kitambulisho cha Taifa na taarifa zake huletwa kutoka katika kumbukumbu za Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Tofauti iko kwenye chanzo. Kumbukumbu za NIDA ni za mamlaka iliyopewa jukumu hilo kisheria. Nembo iliyotoka kwenye tovuti ni maelezo ambayo mwenye tovuti ameyatoa juu yake mwenyewe.

Makosa yanayoweza kutokea

Kosa la kwanza ni kuchanganya majina. Neno "Meru" hutumiwa na biashara nyingi mkoani Arusha, na nchini Kenya pia kuna mji na kaunti yenye jina hilo. Mfumo unaotafuta kwa jina pekee unaweza kuleta nembo ya kampuni isiyohusika. Kutafuta kwa anwani ya tovuti hupunguza kosa hilo.

Kosa la pili ni kuamini tovuti ya kughushi. Mtu akinakili nembo ya kampuni halali na kuiweka kwenye tovuti yake, mfumo unaweza kuirejesha kana kwamba ni yake.

Kosa la tatu ni kuidharau biashara isiyo na tovuti. Mfanyabiashara mdogo wa Tengeru au Usa River anaweza kuwa na usajili kamili, lakini mfumo usilete chochote. Nafasi iliyo wazi haimaanishi kuwa biashara hiyo haipo.

Sheria inasemaje

Kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni, Sura 212, na majina ya biashara chini ya Sura 213. Usajili huo hautoi peke yake ulinzi wa nembo. Nembo hulindwa kwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura 326. Kwa Tanzania Bara, usajili wa alama hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Alama husajiliwa kwa madaraja: kahawa iko daraja la 30, na huduma za kuandaa safari daraja la 39. Zanzibar ina sheria na msajili wake, hivyo anayefanya biashara pande zote mbili anapaswa kusajili kote.

Hatua za kuchukua

Kabla ya kulipa au kutoa zabuni, mwananchi anashauriwa:

1. Kuomba namba ya usajili na kuihakiki BRELA.
2. Kuomba leseni ya biashara ya utalii, iwapo huduma ni ya kitalii.
3. Kulinganisha jina lililosajiliwa na jina la akaunti inayopokea malipo.

Wamiliki wa mifumo wanashauriwa kuonesha chanzo cha kila taarifa na tarehe ilipopatikana, na kuiruhusu kampuni husika kusahihisha. Pale taarifa zinazoletwa zinapojumuisha majina, simu au barua pepe za watumishi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inahusika.

Mwenye biashara anayebaini nembo yake inatumiwa na mwingine ahifadhi nakala ya ukurasa husika pamoja na tarehe, kisha awasiliane na BRELA. Iwapo wateja wamelipishwa kwa udanganyifu, taarifa itolewe pia kituo cha Polisi bila kuchelewa, kwa kuwa kurasa za namna hiyo huweza kufutwa wakati wowote.