Mshipa, Neva na Uhai wa Seli za Mwendo

Miongoni mwa maneno yanayowataabisha waundaji wa istilahi za tiba ni neno mshipa. Neno hili hutaja njia ya damu, hutaja uzi wa neva, na hata maradhi ya ngiri. Ili kuondoa utata huo, wafasiri wengi huandika "mishipa ya damu" kwa upande mmoja na "mishipa ya fahamu" kwa upande wa pili. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba istilahi hiyo ya pili, pamoja na ile ya "vichocheo vya ukuaji", huficha mambo ambayo sayansi imekwisha kuyadhihirisha.

Tuchukue mfano wa polio. Virusi vyake huua seli za neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo, ambazo kazi yake ni kuiendesha misuli. Hisia hazipotei, wala akili haidhuriki. Virusi vya asili vya polio vilionekana nchini Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, na Kanda ya Afrika ikathibitishwa kuwa imeepukana navyo tarehe 25 Agosti 2020. Lakini waliopoozwa navyo tungali nao. Mzazi wa Bukoba au Muleba akiambiwa kwamba mwanawe amekufa mishipa ya fahamu, ataelewa nini? Huenda akamfinya mguu, mtoto akalia, naye akaona kuwa mganga amekosea. Au, lililo baya zaidi, atadhani fahamu iliyokufa ni akili, amnyime mtoto shule. Na maelezo hayo yakifasiriwa tena kwa Kihaya nyumbani, kosa la kwanza litazaa la pili.

Sasa tuitazame istilahi ya pili. Mwaka 1934 Viktor Hamburger aliondoa chipukizi la bawa katika kiinitete cha kuku, akaona kwamba seli za mwendo za upande ule zilipungua sana. Alidhani kuwa hazikuzaliwa. Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Torino aliyefukuzwa kazi kwa sheria za ubaguzi za mwaka 1938, alirudia jaribio hilo chumbani mwake wakati wa vita. Mwaka 1942 yeye na mwalimu wake Giuseppe Levi walieleza kwamba seli zilizaliwa, kisha zikafa kwa kukosa kitu kutoka katika kiungo. Baadaye, yeye na Stanley Cohen waliitambua protini ya kwanza ya aina hiyo, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Protini hiyo, hata hivyo, haizitegemezi seli za mwendo. Zinazozitegemeza ni nyingine, kama BDNF iliyotengwa mwaka 1982, na GDNF iliyotambuliwa mwaka 1993.

Mkulima wa kibanja hupunguza machipukizi ya mgomba, akabakiza machache. Katika kiinitete nako, takribani nusu ya seli za mwendo hufa kabla ya kuzaliwa. Husalimika zile ambazo nyuzi zake zimefika kwenye misuli na kupokea protini hizo, ambazo husafirishwa kwa uzi mpaka kwenye seli yenyewe.

Basi, je, huko ni kukuza? La hasha. Kazi kuu hapa ni kuinusuru seli isife. Atakayefasiri "dawa ya kukuza mishipa" atawapa wagonjwa tumaini lisilo na msingi, kwani majaribio ya miaka ya 1990 ya kutumia BDNF kwa watu wazima ambao seli zao za mwendo zilikuwa zikifa hayakuleta nafuu iliyotarajiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza "neva" badala ya "mishipa ya fahamu", na "seli za neva za mwendo" kwa seli ziendeshazo misuli. Kwa protini zenyewe, "protini lishi" ingekuwa fupi, lakini msikilizaji atafikiria maharage. Tunaona yafaa "protini himilizi", kutokana na kuhimili: mgomba uliobeba mkungu huwekewa mti wa kuuegemeza, mti huo haukuzi mgomba, bali huuzuia usianguke. Wafasiri na walimu wayapime mapendekezo haya kwa wale watakaoyasikia, si kwa wale watakaoyaandika tu.