Samaki Mgeni katika Mito ya Usambara

Leo tutazungumza habari za samaki mmoja. Huenda utasema, "Samaki na historia, wapi na wapi?" Ngoja kidogo. Historia si ya vita na wafalme peke yake. Mara nyingine imo katika kijito, chini ya jiwe, ikingoja mtu wa kuuliza: nani aliyemleta samaki huyu hapa, na alimleta kwa ajili ya nani?

Samaki huyo huitwa trauti. Si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Wako wa namna mbili wanaotuhusu. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, ambaye kwao ni Ulaya. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, mwenye mstari wa rangi nyekundu ubavuni, ambaye kwao hasa ni mito ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Wote wawili hupenda maji ya baridi, maangavu, yaendayo kasi juu ya mawe. Joto la maji likipita digrii 20 hivi huanza kudhoofika, na likizidi 25 hatari ya kufa ni kubwa. Kwa hiyo katika nchi zetu za joto trauti hawezi kukaa ila juu milimani.

Basi alifikaje? Hakuletwa akiwa mzima, bali akiwa yai. Mayai ya trauti yakiwekwa penye unyevu na barafu huchelewa kuanguliwa, na hivyo huweza kusafiri majuma mengi. Kwa njia hiyo mayai yalitoka Uingereza kwa merikebu iitwayo Norfolk, yakafika Tasmania, kusini mwa Australia, mwaka wa 1864. Huku kwetu, mwaka wa 1905, Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven huko Scotland. Yalipandishwa mpaka milima ya Aberdare, Kenya, yakatiwa katika mto Gura. Mwaka wa 1910 trauti wa upinde wa mvua naye akaletwa Kenya kutoka Afrika ya Kusini. Tanganyika ilifuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Trauti wakatiwa katika mito ya Kilimanjaro na Meru, katika nyanda za juu za kusini, na katika vijito vya baridi vya Usambara ya Magharibi, upande wa Lushoto.

Sasa jiulize: je, waliletwa ili watu wapate kitoweo? La. Waliletwa kwa mchezo. Mvuvi wa mchezo huu hatumii wavu wala mgono wala mnyoo. Huchukua ufito mrefu mwembamba, na kwenye ndoana hufunga manyoya ya ndege na uzi, mpaka ifanane na mdudu wa majini. Hurusha mshipi wake polepole, yule mdudu wa uongo akatua juu ya maji kama aliye hai, na trauti akidanganyika humrukia. Ni kazi ya ustadi na subira, wala hatuna haja ya kuidharau. Huko Uingereza watu wa vyama vya uvuvi huo husubiri baridi kali ipite, ndipo hutoka pamoja Jumamosi na Jumapili kwenda mtoni. Usambara haina majira hayo. Huku mwenye kuamua ni mvua. Wakati wa masika maji huwa ya tope, na trauti, ambaye huwinda kwa macho, haioni ndoana.

Lushoto palikuwa mahali pa kupumzika tangu enzi ya Wajerumani, walipopaita Wilhelmstal. Mtu mwenye kazi Tanga au katika mashamba ya mkonge ya bondeni alipanda mlimani kukimbia joto. Akikuta kijito chenye trauti, alijiona kama yuko kwao. Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Wageni hawakuleta samaki tu. Walitaka kuufanya mto wa Usambara ufanane na mto wa nchi yao.

Lakini mto ule ulikuwa na watu tayari. Kabla ya wageni kuja, Wasambaa walikuwa wakiyaongoza maji ya vijito kwa mifereji mpaka mashambani mwao. Kwao mto ulikuwa chakula. Na katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, tangu 1946 mpaka ulipoachwa mwaka wa 1957, serikali ya Waingereza iliendesha mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia Mlalo. Watu waliamriwa kuchimba matuta, nao wakaupinga sana. Mlima mmoja, basi, ulikuwa na sura mbili: kwa mmoja ni mahali pa kupumzikia, kwa mwingine ni mahali pa amri.

Tuvuke sasa bonde la Lwengera, twende Usambara ya Mashariki, mpaka Kwamkoro, karibu na Amani. Hapa si nchi ya trauti. Milima ya Magamba, juu ya Lushoto, hupita mita 2,200, lakini Kwamkoro iko kama mita 900 hadi 1,000 tu, na maji yake hayana baridi ile. Hata hivyo Kwamkoro inajua vizuri habari za wageni walioletwa. Mwaka wa 1902 Wajerumani walianzisha Amani chuo cha kuchunguza kilimo na viumbe, wakapanda miti ya kutoka pande nyingi za dunia. Mti mmoja, ambao wataalamu huuita Maesopsis, na ambao kwao ni upande wa Bukoba, Uganda na magharibi zaidi, ulienea wenyewe katika misitu hiyo, hasa palipokatwa magogo. Mgeni wa namna hii ukishamfungulia mlango, si rahisi kumtoa.

Ndivyo ilivyo kwa trauti pia. Yeye hula wadudu, viluwiluwi na samaki wadogo. Katika vijito vya Afrika ya Kusini amewapunguza sana samaki wadogo wa asili. Na Usambara ina vyura na viumbe wengine wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Vijito vya Amani na Kwamkoro huingia mto Sigi, na tangu mwaka wa 1978 bwawa la Mabayani huyakinga maji hayo kwa ajili ya mji wa Tanga. Mtu anywaye maji Tanga anakunywa msitu wa Kwamkoro.

Lakini tusiseme kwamba kila samaki aletwaye na serikali kwa ajili ya chakula huleta neema. Mwaka wa 1949, chini ya milima hii, huko Korogwe, na pia Malya upande wa Mwanza, yalianza majaribio ya kufuga perege katika mabwawa. Huyu alikusudiwa kuwa kitoweo cha mwananchi. Katika miaka ya 1960 mabwawa yalichimbwa kwa maelfu nchini. Mengi yaliharibika, kwa kuwa yalichimbwa mahali pasipofaa, maji yakapungua, au mwenye bwawa hakufundishwa kazi ya kulitunza. Nia ilikuwa njema, ila nia peke yake haimshibishi mtu.

Ndugu msomaji, trauti aliletwa kwa furaha ya wachache, na perege kwa chakula cha wengi. Lakini katika habari zote mbili uamuzi ulitoka juu, na mwenye kuishi kando ya mto akapata habari baadaye. Basi siku utakapoambiwa kwamba samaki mpya au mti mpya unaletwa kijijini kwako, usikatae upesi, wala usishangilie upesi. Uliza: atakula nini? Atakunywa maji ya nani? Na akituharibia, nani atamwondoa?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini trauti huweza kukaa juu ya Lushoto kuliko Kwamkoro?
2. Katika kijiji chenu, ni mmea au mnyama gani aliyeletwa kutoka mbali? Amewafaa au amewadhuru?
3. Nani huamua matumizi ya mto wenu leo? Wanaokaa chini ya mto huo, je, huulizwa?