Jeep ya 4x4 kwenye matope: inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama

Mvua ikinyesha mchana kwenye barabara ya taifa namba 2, upande wa Maboya ama Kabasha, udongo mwekundu ambao asubuhi ulikuwa vumbi unageuka kama sabuni. Teksi ndogo zinasimama. Mamotari wanashuka na kusukuma pikipiki zao. Makamyo yanaegesha pembeni, yanangoja. Ni wakati huo njo jeep inapita, vioo vimefungwa, taa zimewashwa, kwa mwendo uleule iliokuwa nao mbele ya mvua. Mara nyingi inafika. Siku ambayo haifiki, watu wanaikuta ndani ya mtaro ama chini ya kilima, na kila mtu anauliza: namna gani gari ya 4x4 imeanguka pahali ambapo pikipiki imepita?

Jibu liko ndani ya gari yenyewe. Gari ya 4x4 inapata jina hilo kwa sababu motere inapeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne, si mawili tu. Kama gurudumu moja linateleza, mengine yanaweza kushika udongo na kusukuma. Ndiyo sababu jeep inapanda kilima cha Lubero pale ambapo teksi inabaki kuzungusha magurudumu na kurusha matope. Lakini wakati wa kusimama mambo ni mengine. Kila gari, hata ile ndogo kabisa ya sokoni Butembo, ina freni kwenye magurudumu manne. Hapo jeep haina kitu cha zaidi ya wengine, isipokuwa uzito. Land Cruiser ama Prado inafika tani mbili na zaidi mbele hata watu na mizigo hawajapanda, na uzito huo wote unataka kuendelea kushuka.

Kwenye kona ni vilevile. Kinachoshika njia ni mipira, si motere.

Hatari ya kwanza ya jeep ni kwamba inamficha shofere ukweli wa barabara. Mwenye gari ndogo anaonywa mapema: akikanyaga mafuta kwenye mlima, gari inateleza, basi anajua njia ni mbaya na anapunguza mwendo. Mwenye jeep anapanda mlima uleule bila kusikia kitu. Anafika juu akifikiri njia ni nzuri. Anagundua utelezi wakati wa kushuka, tena mguu ukiwa tayari kwenye freni.

Kuna namna rahisi ya kuepuka jambo hilo. Pahali pa tambarare, hakuna gari nyuma, mwendo ni mdogo, shofere anagusa freni kidogo tu. Kama gari inasimama vizuri, sawa. Kama inaendelea kuteleza, amekwisha kupata habari mbele ya mteremko, na habari hiyo haimugharimu kitu.

Si kila jeep ni jeep

Mjini Butembo na Beni, gari yoyote ndefu kwenda juu inaitwa jeep. Mafundi wanajua kwamba kuna tofauti kubwa. RAV4 nyingi zinavuta kwa magurudumu manne, lakini hazina kile kivitesi kidogo cha pili, chenye alama ya L, ambacho kinafanya gari itembee polepole sana kwa nguvu nyingi. Na RAV4 nyingine zinavuta kwa mawili tu, hata kama umbo ni moja. Mwenye kununua gari iliyotumika anapaswa kuangalia chini ya gari, si kusoma maandishi ya mlango. Prado kwa kawaida inavuta manne wakati wote na ina L. Land Cruiser ya kazi, ile ya mashirika na ya mizigo, mara nyingi inavuta kwa magurudumu ya nyuma mpaka shofere aamue mwenyewe kuweka manne.

Kwa hiyo ya mwisho, kuna jambo ambalo linasahauliwa sana. Katikati ya magurudumu ya mbele ya nyingi za gari hizo kuna kifuniko cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikibaki kwenye FREE, hata shofere avute kile kivitesi kidogo namna gani, magurudumu ya mbele hayapokei nguvu. Watu wamesukuma gari ya namna hiyo saa nzima ndani ya matope, kumbe ni gari ya magurudumu mawili. Vifuniko vinazungushwa vyote viwili, kushoto na kuume, mbele ya kuingia matopeni, wakati shofere angali na viatu safi.

Na kinyume chake: kwenye lami kavu, gari ya namna hiyo isiendeshwe katika 4x4. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawasawa kwenye kona, na kama udongo hauyaruhusu kuteleza kidogo, vyuma vya ndani vinakazana mpaka kuvunjika. Jambo hili linaanza kuwa na maana zaidi upande wa Beni, kwa sababu kazi za barabara za Kasindi–Beni, kilometa 80, na Beni–Butembo, kilometa 54, ambazo marais Tshisekedi na Museveni walizifungua mpakani mwezi wa Juni 2021, zinafanya safari moja iwe na lami na udongo pamoja.

Kupanda na kuvuka

Vitesi vinachaguliwa mbele ya matope, si katikati. Mwenye kubadilisha vitesi katikati ya shimo anapoteza mwendo, na gari iliyopoteza mwendo ndani ya matope ni gari iliyokwama. Shofere anasimama, anashuka, anatembea mwenyewe mpaka ng'ambo. Kama kuna maji, anapima kwa fimbo. Anatazama makorongo ambayo makamyo yamechimba: kama tumbo la jeep litagusa udongo wa katikati, magurudumu yataning'inia na hakuna 4x4 itakayosaidia. Halafu anaingia kwa vitesi ya pili ya L, ama ya kwanza kama shimo ni refu, na anashikilia mafuta palepale, bila kuongeza wala kuachilia kwa ghafula.

Kupunguza upepo wa mipira kunasaidia, kwa sababu mpira uliolegea kidogo unapanuka na kushika udongo kwa upana. Lakini mwenye kupunguza anapaswa kuwa na pampu ya kurudisha upepo. Kukimbia na mipira iliyolegea kunaiharibu, na kwenye kona unaweza kutoka kwenye chuma chake. Mpira uliokwisha meno hauna dawa. Mashofere wengine wanalipa pesa nyingi kwa redio na taa za kupamba, na wanatembea na mipira laini kama chupa.

Barabara ya udongo ina mgongo katikati, na pande zake zinateremka kuelekea mtaro. Mvua ikinyesha, gari inavutwa pembeni. Afadhali kubaki mgongoni kama hakuna mtu anayekuja, na kupiga honi kwenye kila kona. Gari nyingi zinazoingia kupitia Uganda zina volani kuume, na Kongo watu wanatembea kuume. Kwa hiyo shofere ameketi upande wa mtaro, haoni anayekuja mbele ya kamyo. Kupita kamyo kwenye matope na gari ya namna hiyo ni kucheza na maisha ya abiria wote. Tena ukingo wa barabara kwenye vilima vya Lubero unalegea baada ya mvua ya siku nyingi, na unaweza kubomoka chini ya uzito wa jeep.

Kushuka

Hapa njo watu wanapotea. Kanuni ni moja: gari ishuke kwa nguvu ya motere, si kwa freni. Juu ya mlima, mbele ya kuanza, shofere anaweka L na vitesi ya kwanza ama ya pili. Anaondoa mguu kwenye embreyaji kabisa. Gari itashuka polepole yenyewe, motere ikilia kidogo. Mwenye kukanyaga embreyaji anaifungua gari iende huru kama jiwe.

Kama freni inahitajika, inaguswa kwa wepesi na kuachiliwa. Freni za ABS, ambazo zinazuia magurudumu kufungika, zinasaidia shofere aendelee kugeuza gari, lakini kwenye udongo laini ama changarawe zinaweza kufanya gari ichelewe zaidi kusimama. Asizitumainie kupunguza umbali.

Kama sehemu ya nyuma inaanza kuja pembeni, mwili wa mtu unamwambia akanyage freni kwa nguvu. Mwili unadanganya. Anapaswa kuachilia freni, kugeuza magurudumu ya mbele kuelekea pale gari inapokwenda, na hata kuongeza mafuta kidogo sana ili magurudumu yazunguke tena. Gurudumu linalozunguka linaweza kuongoza; gurudumu lililofungika ni skii tu.

Na mwendo. Kwa kilometa 60 kwa saa, gari inapita karibu metre 17 kila sekunde; kwa 30, karibu metre 8. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama kwa freni unaongezeka mara nne. Hesabu hiyo ni ya barabara kavu vilevile, lakini kwenye matope inaanzia mbali zaidi. Barieri ya mvua, pale ilipo, inafungwa kwa sababu ya barabara na kwa sababu ya watu. Saa mbili ama tatu za jua zinafanya kazi kuliko kivitesi chochote.

Ikikwama

Magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, kila sekunde ya mafuta inachimba kaburi la gari. Inaachwa. Jaribio la kwanza ni kurudi nyuma kwa njia ileile, kwa sababu udongo wa nyuma umekwisha kukandamizwa. Halafu jembe, mawe, matawi mbele ya magurudumu. Vijana wa kijiji mara nyingi wako karibu na majembe yao. Bei inapatanwa mbele ya kazi kuanza, si wakati gari iko nusu nje.

Wanaosukuma hawakai upande wa chini wa gari kwenye mteremko, hata kama wako wengi. Kamba ama kabule inafungwa kwenye shasi, pale pa kuvutia, si kwenye parashoki. Wakati wa kuvuta, watoto na wote wanaotazama wanakaa mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na koti zito linawekwa juu yake katikati. Kabule ikikatika inarudi na nguvu ya kuua mtu.

Kwenye barabara namba 4, upande wa Oicha na Eringeti, na sehemu za Beni–Kasindi, kukwama kuna uzito mwingine. Mashambulizi ya ADF yamefanya watu waogope giza njiani, na pahali pengine gari zimetembea kwa msafara na wanajeshi. Woga huo unawafanya mashofere wakimbie na kubanana, gari nyuma ya gari. Moja ikiteleza, tatu zinagongana, na msafara wote unasimama pale ambapo hakuna aliyetaka kusimama. Kwenye njia kama hizo maandalizi ya mchana ni usalama: mazutu ya kutosha, kamba, jembe, na saa ya kuondoka inayoacha muda wa kukwama mara moja.

Wale walio kwenye theluji

Kutoka Beni, siku ambayo mawingu yanafunguka asubuhi, theluji ya Ruwenzori inaonekana juu ya Mutwanga. Kilele cha Margherita kina metre 5.109 na hakuna jeep inayofika huko. Barafu yenyewe inazidi kupungua. Lakini familia nyingi za Butembo na Beni zina watoto Kanada na Marekani, na wengine wao wamenunua jeep ya kwanza ya maisha yao mwezi wa kumi na moja, wakifikiri kwamba aliyejifunza kuendesha kwenye njia ya Manguredjipa hawezi kushindwa na theluji.

Ana haki kwa nusu. Mkono mwepesi, vitesi vya chini, umbali mkubwa na gari ya mbele: hayo yote anayajua. Nusu nyingine ni mipira. Mpira wa kawaida unakuwa mgumu baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, na hata 4x4 inateleza nao kama kikombe juu ya meza. Katika jimbo la Québec sheria inalazimisha mipira ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka 15 Machi. Madaraja yanaganda mbele ya barabara nyingine, kwa sababu upepo unapita chini yake. Barafu nyembamba haionekani. Lami inaonekana kama imelowa tu.

Jambo moja ni lilelile huku na kule. Gari iliyokwama kwenye theluji ama matope, bomba la moshi likifunikwa, moshi wa motere unaingia ndani. Hauna harufu ya kumwamsha mtu. Wanaolala ndani ya gari usiku kwa ajili ya baridi, Montréal ama juu ya Lubero, wazime motere, ama kwanza wachimbe nyuma ya bomba mpaka liwe wazi na wafungue kioo kidogo.