Majitaka ya Mji Wetu: Wenzetu Walichaguaje?

Ndugu zetu wana wa nyumbani,

Kila masika tunapokea simu zilezile. Vyoo vya mtaa wa bondeni vimejaa, na wengine wanavitapisha usiku mvua inaponyesha, visima vikiwa hatua chache tu. Viwanja vimebanana na pa kuchimbia shimo jipya hapapo. Ndiyo maana harambee ya mwaka huu ni ya majitaka. Kabla ya kuomba mchango, tumeona tueleze wenzetu wa kwingine walipita njia gani.

Mfumo unaojulikana zaidi ni ule wa miji mikubwa: bomba pana chini ya barabara, na chemba kila baada ya hatua kadhaa. Kwa kuwa hubeba uchafu wote kama ulivyo, bomba hilo hutaka maji mengi na mteremko wa kutosha. Katika ardhi tambarare, kadiri linavyokwenda mbali ndivyo mtaro unavyozidi kina, na kuchimba ndiko kunakokula fedha.

Majirani zetu wa Zambia walijaribu njia nyingine karibu na mwaka 1960, nchi yao ikiitwa bado Rhodesia ya Kaskazini. Vyoo vya nyumba za wafanyakazi vilijengwa juu ya matangi ya maji. Uchafu mzito ulituama ndani ya tangi, na maji peke yake yakapita kwenye bomba jembamba hadi kwenye mabwawa ya kuyatibu. Bomba kama hilo halihitaji mteremko mkali. Lakini tangi lazima linyonywe kwa wakati. Likiachwa, tope huingia bombani na faida yote hupotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Natal nchini Brazili, bomba liliondolewa katikati ya barabara. Lilipitishwa uani au kando ya njia, mahali magari yasipokanyaga, hivyo halikuzikwa kina kirefu. Gharama ilishuka. Hata hivyo bomba la uani ni mali ya majirani wote: mmoja akitupa matambara, wa juu yake ndiye anayefurikiwa.

Huko Orangi, kitongoji cha Karachi nchini Pakistani, Dkt. Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi mwaka 1980. Watu wa kichochoro kimoja, nyumba kama 20 au 30, walichagua msimamizi wao, wakachanga, wakachimba na kulaza bomba wenyewe. Wataalamu waliwapa ramani, vipimo na ushauri. Vichochoro kwa maelfu vilijengwa hivyo. Lakini mabomba makuu na kutibu majitaka vilibaki kazi ya serikali, na mengi ya majitaka hayo yaliishia kwenye mikondo ya maji ya mvua.

Sisi ni watu wa vitabu vya hesabu, si mafundi. Tunachokiona katika habari hizi ni kwamba ujenzi hulipwa mara moja, na matunzo hulipwa kila mwaka. Nyumba za barabara ya juu zina matangi tayari, na njia ya Zambia ingezifaa. Bondeni, ambako nyumba zimesongamana, njia ya Brazili ina nafasi, mradi maji ya bomba yafike kwanza. Mhandisi ndiye atakayepima na kuamua. Pande zote mbili zitahitaji eneo la mabwawa, nalo tulipate kabla ya kununua bomba hata moja, yasitukute ya Orangi.

Kwa hiyo tunaomba mchango wako uwe na mafungu mawili: la kujenga na la kutunza. Fungu la pili lisiguswe kwa ujenzi hata fedha zikipungua. Kila kichochoro kitachagua mweka hazina wake, na hesabu zitasomwa mbele ya watu wote kwenye mkutano wa Desemba, tukiwa tumerudi nyumbani.

Karibuni tuchangie.