Pakora

Pakora (pia: pakoda, kwa Kigujarati: bhajia) ni kitafunio cha Kihindi kinachotengenezwa kwa vipande vya mboga vilivyochovywa katika rojo la unga wa dengu na viungo, kisha kukaangwa katika mafuta mengi. Huliwa mwaka mzima katika nchi za Asia ya Kusini, lakini nchini India hujulikana hasa kama chakula cha msimu wa mvua, pamoja na chai ya maziwa yenye tangawizi.

Msimu wa mvua

Mvua hizo huletwa na upepo wa kusini-magharibi, ambao kwanza hupita pwani ya Afrika Mashariki, ambako huitwa kusi. Kwa kawaida hufika katika jimbo la Kerala mwanzoni mwa Juni, na msimu huendelea hadi Septemba. Katika miezi hiyo mboga za majani huoza upesi na mara nyingi huwa na matope na wadudu. Wajaini wengi huziacha wakati wa Chaturmas, kipindi cha miezi minne kinachoanza Juni au Julai, ili wasiue viumbe wadogo.

Pakora inafaa hali hiyo kwa sababu hutegemea vitu vinavyohifadhika nyumbani: unga wa dengu, viungo vikavu, mafuta, vitunguu na viazi. Wajaini wanaoshika sana mafundisho ya dini yao hawali vitunguu wala viazi. Wao hutumia ndizi mbichi.

Aina

Katika jimbo la Maharashtra pakora ya vitunguu huitwa kanda bhaji. Huko Bengali ile ya biringanya huitwa beguni. Kusini mwa India jina la kawaida ni bajji, na hutengenezwa kwa ndizi mbichi au pilipili kubwa. Aina nyingine hutumia koliflawa, mchicha au jibini laini iitwayo paneer.

Utayarishaji

Kwa pakora ya vitunguu, vitunguu hukatwa vyembamba, hutiwa chumvi na kuachwa kwa muda wa dakika 10 hivi ili vitoe maji. Kisha huongezwa unga wa dengu, manjano, pilipili, bizari nyembamba na majani ya giligilani. Maji huongezwa kidogo tu, kwa kuwa rojo jepesi halishiki vizuri. Wapishi wengine huongeza unga wa mchele ili pakora iwe kavu na ya kukatika mdomoni.

Mafuta huwa na joto la nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Yakiwa na joto dogo, pakora hunyonya mafuta. Yakizidi moto, huungua nje na kubaki mbichi ndani. Huliwa na chatini ya giligilani au ya ukwaju.

Kadhi

Kaskazini mwa India, hasa Punjab, pakora hutiwa pia katika kadhi, mchuzi wa mtindi mchachu. Mtindi hupigwa pamoja na unga wa dengu, maji na manjano, kisha hupikwa kwa moto mdogo huku ukikorogwa. Unga huo huzuia mtindi usikatike. Mwishoni huongezwa mafuta ya moto yaliyokaangwa uwatu, bizari nyembamba, pilipili kavu na mvuje. Kadhi ya Gujarat ni nyepesi zaidi, hutiwa sukari au sukari guru, na kwa kawaida haina pakora.

Usalama

Wakati wa mvua maji huchafuka kwa urahisi, na magonjwa kama kuhara na homa ya matumbo huongezeka. Pakora inayoliwa ikiwa moto kutoka kwenye mafuta ina hatari ndogo kuliko chatini mbichi iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa. Mafuta yanayotumika tena na tena huharibika; yakiwa meusi, yenye povu au harufu mbaya, hayafai tena.

Afrika Mashariki

Wahamiaji kutoka India walileta kitafunio hiki Afrika Mashariki, ambako jina limekuwa bajia au bhajia. Mjini Nairobi bhajia ni hasa vipande vya viazi vyenye rojo la unga wa dengu. Pwani na Zanzibar, bajia nyingi hutengenezwa kwa kunde zilizolowekwa na kusagwa. Bajia ni pia sehemu ya urojo wa Zanzibar, ambamo hutiwa katika mchuzi mchachu pamoja na viazi.