Nani Atamfuata Asiyerudi?

Juni 29, 2020 siisahau. Siku hiyo shule zote Tanzania zilifunguliwa, baada ya kufungwa tangu Machi 17 kwa sababu ya korona. Wenzetu wa kidato cha sita walishatangulia Juni 1. Mimi nilikuwa kidato cha nne, mtihani wa taifa unanukia. Getini tukakuta ndoo za maji tiririka na sabuni, mwalimu wa zamu kasimama: "Nawa, vaa barakoa, pita!" Tukanawa, tukapita. Ila dawati letu la watu watatu tulikaa wawili. Jamaa yetu hakutokea.

Miezi ile alikuwa akiuza barakoa stendi, ameshaonja hela. Mwalimu aliliita jina lake wiki mbili, kisha akalipiga mstari mwekundu. Basi, yakaishia hapo.

Ndugu msomaji, mimi nina ndoto ya kuandika riwaya, kwa hiyo nasoma sana historia. Katika kusoma huko nikakutana na jiji la New York.

Mwaka 1902 madaktari wa jiji hilo walipita mashuleni wakikagua watoto. Mwenye macho yanayouma, mapunye au chawa, anarudishwa nyumbani. Wazo zuri, sivyo? Kumbe balaa! Watoto hawakutibiwa. Walizurura mitaani, na jioni wakacheza na wenzao walewale. Oktoba mwaka huo akaletwa muuguzi, Lina Rogers, akapewa shule nne. Yeye alitibu vidonda vidogo palepale shuleni, kisha akapanda ngazi za majumba ya maskini kumtafuta aliyekosekana na kuzungumza na mama yake. Wauguzi wakaongezwa. Katika mwaka mmoja idadi ya waliorudishwa nyumbani ilishuka kutoka zaidi ya 10,000 kwa mwezi hadi kama 1,100.

Ikaja homa kali ya mafua ya 1918. Philadelphia walifunga shule. New York, yenye wanafunzi karibu milioni moja, haikufunga. Kamishna wa Afya Royal Copeland na daktari Josephine Baker walipiga hesabu: wengi wa watoto hao wanaishi vyumba vya kubanana, afadhali wawe shuleni wanakoonekana. Kila asubuhi mwalimu alikagua darasa. Mwenye dalili alitengwa na kusindikizwa kwao. Asiyefika, mtu alikwenda kupiga hodi.

Je, nasema kufunga shule ni ujinga? La hasha! Mwaka 2020 ugonjwa ulikuwa mgeni, na wauguzi wa namna ile sisi hatukuwa nao. Jirani zetu Uganda walifunga Machi 2020 na hawakufungua zote hadi Januari 10, 2022. Wapo watoto ambao hawakurudi tena. Ninachosema ni kwamba kufungua geti ni nusu ya kazi. Ndoo ya maji humlinda aliyekuja. Asiyekuja hulindwa na miguu ya mtu anayemfuata.

Rahisi kumlaumu mwalimu na kalamu yake nyekundu. Lakini kwao jamaa yule nilikuwa napajua, mitaa miwili tu kutoka kwetu. Ningeweza kwenda jioni yoyote nikapiga hodi, nikamwambia, "Mshikaji, nafasi yako ipo, twende."

Sikwenda.